Ndugu, Mama na Mkuu wa Kaya: Msamiati wa Ujamaa na Nafasi ya Mwanamke katika Nyanda za Juu Kusini, 1967–1985

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa kisiasa wa kipindi cha Ujamaa kwa kuutazama kutoka Chimala na maeneo jirani ya mikoa ya Mbeya na Iringa. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili cha Ujamaa, kwa kuwa hakibainishi jinsi katika ngeli ya watu, kilimpa mwanamke uraia kamili katika maneno, lakini maneno hayohayo yalificha kazi yake, shamba lake na sauti yake ndani ya nyumba. Kwa kuchambua maneno ndugu, mama, bwana shamba, kaya, kazi na unyonyaji, makala yanaonesha kuwa usawa wa sarufi si ushahidi wa usawa wa maisha, na kwamba mwanahistoria anayetegemea nyaraka za Chama na Serikali hana budi kuzisoma akizingatia pia yale ambayo maneno yake hayakuyataja.

1.0 Utangulizi

Chimala ipo mahali ambapo miteremko inayoshuka kutoka uwanda wa Kitulo inaishia na tambarare ya Usangu inaanza, kando ya barabara kuu itokayo Makambako kwenda Mbeya. Katika miaka ya 1970 njia mbili kubwa zilipita hapo: barabara ya lami ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Reli hiyo ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kwenye tambarare, shamba la mpunga la Mbarali lilianzishwa kwa msaada wa China hiyohiyo na kuendeshwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO).

Mahali kama hapa hapakuwa na lugha moja ya asili. Wasangu walikuwa wenyeji wa bonde. Wabena, Wahehe, Wawanji, Wakinga na Wanyakyusa walifika kwa sababu ya mashamba, biashara na ajira. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya mkutano wa hadhara pekee. Kilikuwa lugha ya kisimani, sokoni na kwa jirani. Jambo hili lina uzito katika mjadala unaofuata. Pale ambapo lugha ya Chama ilikuwa pia lugha ya jirani, neno lililotoka jukwaani lilikuwa na njia fupi ya kuingia jikoni. Swali ni hili: lilipoingia jikoni, lilimkuta nani, na lilimwitaje?

2.0 Ujamaa na Ukomunisti: Mipaka ya Ulinganisho

Tanzania haikuwahi kutawaliwa na chama cha kikomunisti. Tangu kijitabu chake cha 1962 kuhusu Ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere alikataa wazo kwamba ujamaa wa Kiafrika uzaliwe na mapambano ya kitabaka. Msingi wake aliuona katika familia pana. Hata hivyo, kuanzia Katiba ya Muda ya 1965, nchi iliendeshwa kwa mfumo wa chama kimoja. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mashina ya nyumba kumikumi yalikifikisha Chama mlangoni kwa kila mtu. Uhusiano na China ulileta reli, mashamba na viwanda, kikiwamo Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968.

Ulinganisho na nchi za kikomunisti unafaa hasa katika suala la mwanamke. Chama cha Bolsheviki kilianzisha idara yake ya wanawake mwaka 1919 na kuifunga mwaka 1930 kwa madai kwamba suala la wanawake lilikuwa limekwisha kutatuliwa. China ilitunga Sheria ya Ndoa mwaka 1950, miezi michache tu baada ya mapinduzi. Tanganyika iliunda Umoja wa Wanawake (UWT) mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ndoa mwaka 1971. Kote huko dola ilitangaza usawa kwanza, kisha ikaendelea kuitegemea kazi ya nyumbani ya mwanamke bila kuiweka katika hesabu. Upekee wa Tanzania ni kwamba tangazo hilo lilitolewa kwa lugha ambayo tayari ilikuwa na usawa wa aina fulani katika sarufi yake.

3.0 Ndugu na Mama

Neno ndugu lilikuwa la ukoo kabla ya kuwa la siasa. Halitaji jinsi: kaka na dada hubainisha, ndugu haibainishi. TANU ilipolichagua kuwa cheo cha heshima kwa wote, ilipata neno lililolingana na tovarishch la Kirusi na tongzhi la Kichina, lakini lenye mizizi ya nyumbani. Huko Zanzibar wafuasi wa Umma Party walikwisha kujiita makomredi. Bara ilichukua njia nyingine. Ndugu lilifaa kwa sababu liliunganisha ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU, iliyotangaza undugu wa binadamu wote, na nadharia ya Ujamaa yenyewe, iliyoiona jamii kama familia iliyopanuka.

Katika matumizi, hata hivyo, usawa huo ulipinda. Mwanamume aliyeitwa Baba Fulani nyumbani aliacha jina hilo mlangoni na kuwa Ndugu Fulani mkutanoni. Alikuwa na majina mawili, moja la uzazi na moja la uraia. Mwanamke kwa kawaida alibaki Mama Fulani kote kuwili. Wake wa viongozi, na hata wanawake waliokuwa viongozi wenyewe, waliitwa Mama au Bibi. Kwa wingi, wanawake waliitwa akina mama, na mtu angeweza kusikia akina mama wakitajwa kama kundi la pembeni baada ya wananchi au wakulima, ingawa maneno hayo mawili, kwa ngeli yake, yalikwisha kuwajumuisha. Istilahi akina baba haikuwa na kazi sawa na hiyo katika hotuba. Kilichotajwa peke yake kilihesabiwa kuwa tofauti. Kisichotajwa kilihesabiwa kuwa kawaida.

Haimaanishi kwamba mama lilikuwa neno la dharau. Lilibeba heshima kubwa, na wanawake walilitumia kudai haki: aliyesimama mkutanoni kama mama alizungumza kwa mamlaka ambayo kijana wa kiume hakuwa nayo. Lakini mamlaka hayo yalimjia kwa uzazi wake. Msichana asiyeolewa, mgumba na mjane asiye na watoto walikuwa wananchi kwa sheria, ila msamiati wa kila siku haukuwa na kiti kilichoandaliwa kwa ajili yao.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi katika majina ya watumishi wa ugani. Mtaalamu wa kilimo aliitwa bwana shamba. Mtumishi wa maendeleo ya jamii aliyewafundisha wanawake mapishi, ushonaji na malezi aliitwa bibi maendeleo. Ndugu lilipochukua nafasi ya bwana katika siasa, bwana shamba alibaki na jina lake. Jina hilo halikuwa pambo tu. Lilieleza mkondo wa maarifa: elimu ya mbegu, mbolea na dawa ilipita kwa mwanamume kwenda kwa mwanamume, wakati palizi, uvunaji na uhifadhi wa nafaka, kwa sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini, vilikuwa mikononi mwa wanawake.

4.0 Kaya, Nyumba na Mkuu Wake

Ili kuelewa uzito wa neno mkuu wa kaya katika eneo hili, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Tangu enzi ya ukoloni, wanaume wengi wa Ubena na Ukinga walikwenda kufanya kazi za mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Mwanamume akawa namba katika daftari la mwajiri. Mwanamke akabaki na shamba, watoto na wazee, akaendesha nyumba kwa miezi au miaka. Kwa maana ya utendaji, nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na wakuu wanawake muda mrefu kabla ya Ujamaa.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Operesheni Vijiji ilipofanyika, nyumba zilipangwa kwa safu kando ya barabara, na baadhi ya vijiji vikawekwa kando ya reli. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilikipa kila kijiji mkutano mkuu wa watu wazima wote, wanawake kwa wanaume, na halmashauri ya wajumbe 25. Kwa maandishi, hiyo ilikuwa hatua kubwa: mwanamke alikuwa mpigakura na mjumbe kwa nafsi yake.

Ardhi ilifuata njia nyingine. Katika kijiji kipya, kiwanja na shamba kwa kawaida viligawiwa kwa kaya, na kaya ilijulikana kwa mkuu wake. Pale mume alipokuwapo, yeye ndiye aliyeandikwa. Lakini huko watu walikotoka, mwanamke mara nyingi alikuwa na bustani yake ya mboga, kipande cha bondeni au shamba alilopewa na wazazi wake, haki zilizotambuliwa na majirani bila karatasi. Haki hizo zilikuwa za mahali. Watu walipohamishwa, mahali palibaki nyuma na haki zikabaki huko. Hakuna aliyeamua kumnyang'anya mwanamke ardhi. Daftari tu halikuwa na safu ya kuandika alichokuwa nacho.

Neno nyumba lenyewe lilibadilika katika mchakato huu. Katika jamii nyingi za Kibantu zenye ndoa ya wake wengi, nyumba ni mke pamoja na watoto wake, shamba lake na ghala lake. Mwanamume mmoja huweza kuwa na nyumba tatu. Shina la nyumba kumi lilihesabu nyumba kwa maana ya makazi, chini ya balozi mmoja, na kijiji kikahesabu kaya. Uhuru mdogo wa kiuchumi uliokuwamo ndani ya maana ya kale haukuwa na mahali katika hesabu mpya.

5.0 Kazi na Unyonyaji

Azimio la Arusha halikuwasahau wanawake. Lilisema bila kumung'unya maneno kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na kwamba wanaume wa vijijini hupoteza sehemu kubwa ya maisha yao bila kazi. Miezi michache baadaye, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu alikiri kwamba hali duni ya mwanamke ilikuwa kasoro ya jamii ya jadi ambayo haikupatana na usawa wa kijamaa. Viongozi wachache wa zama hizo, popote duniani, walisema hivyo kwa uwazi huo.

Hata hivyo, inafaa kutazama namna hoja ilivyopangwa. Katika Azimio, tatizo liliwekwa chini ya maadili: mwanamume ni mvivu, na dawa ya uvivu ni juhudi. Katika Ujamaa Vijijini liliwekwa chini ya mila: jamii ya zamani ilikuwa na dosari, na dawa ya dosari ni maendeleo. Hakuna mahali ambapo uhusiano kati ya anayelima na anayepokea fedha ya mazao ndani ya nyumba moja uliwekwa chini ya neno ambalo Azimio lilikuwa nalo tayari, yaani unyonyaji. Mnyonyaji alikuwa bepari, kabaila, mlanguzi au kiongozi mwenye nyumba za kupangisha. Hakuwa mume.

Kimya hicho kinashangaza zaidi ukichunguza neno lenyewe. Kunyonya ni tendo la mtoto kwenye ziwa la mama. Siasa ilichukua tendo la karibu kabisa na mwili wa mwanamke, ikalihamishia kwa mtu mzima asiyestahili, na kwa kuhama huko tendo la haki likawa dhuluma. Kupe na mirija zilikuja kuimarisha picha hiyo. Kwa msikilizaji wa Rungwe, mirija haikuwa sitiari ya mbali: miongoni mwa Wanyakyusa, kimpumu, pombe ya ulezi, hunywewa kwa mirija. Na pombe hiyo, sawa na pombe nyingine za nafaka katika mikoa hii, ilipikwa na wanawake na ilikuwa chanzo chao kikuu cha fedha taslimu. Hivyo picha zote mbili, ziwa na mrija, zilitoka katika dunia ya kazi za wanawake. Mwanamke aliipatia siasa lugha ya kuelezea dhuluma, lakini lugha hiyo haikurudi kueleza hali yake.

Neno kazi lilifuata mkondo huohuo. Kazi iliyohesabiwa ni ile ya shamba la kijiji, ambako mahudhurio yaliandikwa. Kuteka maji, kukata kuni, kusaga na kulea kuliitwa kazi za nyumbani, kwa kivumishi kilichoziondoa katika hesabu. Azimio la Siasa ni Kilimo, lililopitishwa na TANU mjini Iringa mwaka 1972, na mpango wa taifa wa mahindi ulioanza katikati ya muongo huo, ulileta mbegu bora na mbolea ya bei nafuu. Mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ghala la taifa. Lakini mbolea huotesha mahindi na magugu pamoja, na palizi ilikuwa ya mwanamke. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 na mazao kununuliwa na mashirika ya umma, jina katika stakabadhi kwa kawaida lilikuwa la mkuu wa kaya.

6.0 Kisomo, Vazi na Foleni

Ingekuwa kosa kuandika kipindi hiki kama historia ya hasara tupu. Kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyotangazwa rasmi mwaka 1970, iliwaingiza wanawake wengi darasani kwa mara ya kwanza. Wakati wa Azimio, takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1975 idadi rasmi ilikuwa asilimia 39. Kampeni za redio za Mtu ni Afya (1973) na Chakula ni Uhai (1975) zilikusanya vikundi vya wasikilizaji vijijini, na mada zake, yaani choo, maji, malaria na lishe, zilikuwa mambo ambayo wanawake walikuwa na ujuzi nayo. Hapo, kwa muda, maarifa ya jikoni yalipewa hadhi ya suala la taifa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali yake na ilikataza kumwadhibu mwenzi kwa kipigo. Hata hivyo, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 na mvulana aoe akiwa na miaka 18. Sarufi ya Kiswahili ilikwisha kuweka tofauti kama hiyo katika kitenzi: mmoja huoa, mwingine huolewa.

Usimamizi wa mwili wa mwanamke ulikwenda sambamba na ukombozi wake. Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968, ilipiga vita sketi fupi, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi kwa jina la utamaduni wa taifa. Suruali za kubana za vijana wa kiume zilitajwa pia, lakini uzito wa kampeni ulimwangukia mwanamke.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, msamiati ulibadilika tena. Maneno bidhaa adimu, foleni, ulanguzi na magendo yaliingia katika mazungumzo ya kila siku. Sabuni, sukari, chumvi na khanga ndivyo vilivyoadimika, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mwanamke alitakiwa kuvipata. Katika mji wa njia kuu ya kwenda Tunduma, mstari kati ya biashara ndogo na magendo ulikuwa mwembamba. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya 1983 na Sheria ya Nguvukazi ya mwaka huohuo zililenga walanguzi na wasio na kazi, lakini ziliwagusa pia wachuuzi wadogo. Mwanamke aliyetembeza mchele au vitumbua alikuwa akifanya kazi tangu alfajiri, na bado angeweza kuhesabiwa kuwa hana kazi.

7.0 Fasihi kama Ushahidi

Pale ambapo daftari halikuwa na safu, fasihi mara nyingine ilikuwa nayo. Ndyanao Balisidya katika Shida (1975) na Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) waliandika maisha ya wasichana ambao kauli za usawa hazikuwafikia. Penina Muhando, katika tamthiliya ya Nguzo Mama (1982), aliwaweka jukwaani wanawake wa kijiji wanaojaribu kusimamisha nguzo moja kubwa na kushindwa, kila mmoja akivutwa na shida ya nyumbani kwake. Si uzembe unaowashinda. Ni mzigo ambao kila mmoja ameuacha nyumbani bila mtu wa kumpokea. Tamthiliya hiyo ilisema kwa mchezo kile ambacho lugha ya Chama haikuwa na istilahi yake.

Historia ya Isimani inaonesha upande wa pili. Siku ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi kutokana na mgogoro wa ujamaa na shamba. Mwamwindi alihukumiwa na kunyongwa. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Kezilahabi alimchora mkulima anayemuua kiongozi wa serikali, na wasomaji wengi wameihusisha riwaya hiyo na mkasa wa Isimani. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama pambano la wanaume wawili, dola na mkulima tajiri. Wanawake waliopalilia mahindi ya Isimani, wawe wake wa wakulima wakubwa au vibarua wao, hawana nafasi katika usimulizi huo. Hata upinzani dhidi ya Ujamaa ulirithi msamiati uleule: aliyepoteza shamba alikuwa mwenye shamba.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba kutobainisha jinsi katika ngeli ya M-/WA- kulikuwa na athari mbili kwa wakati mmoja. Ndugu, mwananchi, mkulima na mjumbe yalimfungulia mwanamke mlango wa uraia bila kuhitaji neno jipya. Maneno hayohayo yaliwezesha nyaraka kusema mkulima zikimaanisha mwanamume anayepokea malipo, bila mwandishi wala msomaji kuona kwamba kuna mtu ameachwa.

Suala hili halijafungwa na historia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imempa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilithibitisha uamuzi uliobatilisha vifungu vya umri wa ndoa katika sheria ya 1971. Lakini mkuu wa kaya bado ni istilahi ya sensa, ya ruzuku ya pembejeo na ya ofisi ya kijiji. Kwa mwanaleksikografia, kazi iliyopo ni kueleza maneno haya pamoja na matumizi yake halisi, si kwa fasili ya kisheria pekee. Kwa mwanahistoria, kazi ya haraka zaidi ni kuwasikiliza wanawake waliohamishwa mwaka 1974 wakiwa na watoto migongoni. Wengi wao sasa ni bibi wenye umri mkubwa, na maelezo kuhusu mashamba waliyoyaacha milimani na mabondeni hayapo katika jalada lolote la wilaya.